Kopo la Baba na Mizani ya Watoto

Mama yangu huamka kabla jogoo hajawika. Huwasha kuni, huteleka maji, kisha hufunua mtungi wa mchele. Huchota kopo moja. Husawazisha mchele kwa kidole, usizidi ukingo wala usipungue. Kisha huumimina sufuriani.

Kopo moja tu. Huo ni wali wa sadaka kwa watawa wa monasteri yetu. Wao hupita mtaani kwetu jua likianza kuchomoza, miguu mitupu, mmoja nyuma ya mwingine, bakuli mkononi. Mama huwapakulia wote kidogo kidogo mpaka wali uishe. Halafu hukunja mikono na kusema polepole, "Thawabu imfikie baba yenu."

Baba alitutoka wakati wa mvua. Aliitwa U Thaung Shwe. Hakuwa mtu mkubwa. Alilima choroko na ufuta, na alitengeneza magurudumu ya mikokoteni. Lakini mara moja kwa mwaka hakuna aliyemzidi mtaani. Ilikuwa siku za tamane.

Tamane hupikwa msimu wa baridi, mwezi unapokuwa mpevu. Ni mchele wa kunata, nazi, tangawizi, karanga, ufuta na mafuta mengi. Hupikwa katika karai kubwa ambalo mtu mzima anaweza kulala ndani. Wanaume wawili huuponda kwa miiko mirefu kama makafi mpaka jasho liwatoke kwenye baridi. Mpishi mkuu hashiki mwiko. Yeye huangalia, huonja, na husema, "Bado," au, "Epua." Mpishi mkuu wa Mtaa wa Magharibi alikuwa baba, kwa miaka ishirini na mitatu.

Mtaa wetu una nyumba kumi na sita. Kila nyumba hutoa mchele kopo nne. Kopo lenyewe ni lile la maziwa mazito, ambalo kila jiko hapa kwetu linalo. Kopo nane ni pishi moja. Nyumba kumi na sita ni pishi nane kamili. Maji, debe moja. Mafuta, visi tatu, kwa kipimo chetu cha uzito cha tangu zamani. Hesabu hiyo kila mtu aliijua kichwani.

Baba alikuwa na kopo lake, lililoning'inia kwenye msumari kando ya mlango. Ilipofika siku ya kukusanya mchele, alilitungua akapita nyumba hadi nyumba. Alichota mwenyewe kutoka kwenye mitungi ya watu.

"Usininyime, usinizidishie," aliwaambia akina mama. "Mchele wako na wa jirani yako utalala karai moja. Sitaki ugombane."

Walimcheka. Walimpa chai, wakampa majani ya chai yaliyochachushwa na vitunguu saumu vya kukaanga, na kufikia nyumba ya kumi alikuwa ameshiba hata hawezi kuinama.

Baada ya maziko, kopo halikuwa tena kwenye msumari. Nilidhani limetolewa pamoja na nguo zake. Sikuuliza. Kuna maswali ambayo msiba huyafungia ndani.

*

Msimu wa tamane ulipofika, wazee wa mtaa walimchagua kaka yangu, Thet Paing, kuwa mpishi mkuu. Ana mabega mapana, na kwa miaka sita alikuwa mmoja wa waponda tamane. Mapishi aliyajua. Walau tulidhani hivyo.

Kwetu huwa tunapika makarai mawili. La kwanza ni la watu wanaosafisha njia ya monasteri. La pili, siku ya mwezi mpevu, ni la watawa wenyewe. Hilo la pili ndilo la heshima. Mtaa wetu ulikuwa umelipika tangu kabla sijazaliwa.

Mwaka ule hakuna aliyepita nyumba hadi nyumba. Kaka alitangaza tu, "Kopo nne kila nyumba, leteni." Watu wakaleta. Karanga zilikaangwa, nazi zikakatwa vipande vyembamba, moto ukakolea. Debe la maji likamiminwa. Harufu ya tangawizi ilifika hadi barabarani.

Saa moja baadaye, kaka aliagiza mwiko uinuliwe. Tamane nzuri hushika mwiko kama udongo wa mfinyanzi. Hii ilitiririka.

"Pondeni zaidi," akasema baba mkubwa, kaka yake baba. Anaitwa U Lone Tin. Huuza nyanya sokoni, na hana jambo asilolisemea neno.

Wakaponda zaidi. Ikatiririka zaidi.

Watu walikula kwa adabu. Kisha akaja U Chit Ngwe, mkubwa wa wapishi wa Mtaa wa Mashariki. Alitazama sahani yake, akaiinamisha kushoto, akaiinamisha kulia.

"Mashemeji," akasema, "nani mgonjwa huku kwenu? Maana huu ni uji wa mgonjwa. Nipeni mrija."

Watu wa Mashariki walicheka mpaka wakashika matumbo. Sisi tulitazama chini. Mwenyekiti wa kamati ya monasteri hakucheka. Aliosha vidole, akamwambia kaka yangu kwa upole, "Mwanangu, mwezi mpevu ni baada ya siku nne. Ukiona mzigo ni mzito, sema. Mashariki watapika karai la watawa. Si aibu."

Ilikuwa aibu. Wote tulijua kwamba ukishatoa karai hilo hulirudishi kirahisi.

Mama alikuwa amekaa karibu na moto. Alikula sahani yake yote, na akakwangua.

*

Kesho yake tulikaa uani kulaumiana.

"Maji yalikuwa mengi," nilisema.

"Debe moja," kaka akajibu. "Debe lilelile la baba. Kibonyeo chake kilekile."

"Basi kuni," akasema baba mkubwa. "Kuni mbichi hizo. Mimi nilisema."

"Baba mkubwa, hukusema."

"Nilisema moyoni."

Siku hiyo ilikuwa siku ya kliniki. Mkunga wetu, Ma Wut Yi, anaishi nyumba ya pili kutoka kwetu. Kwa sababu uani kwetu kuna boriti imara, ndiko hutundika mizani yake ya kupimia watoto. Ni mizani ya duara kama saa, na chini yake huning'inia mfuko wa kitambaa wenye matundu mawili ya miguu. Akina mama walikuwa wamepanga foleni. Watoto walikuwa wamepakwa poda ya gome la mti mashavuni, nao walilia kwa zamu kana kwamba wamepatana.

Ma Wut Yi alimtia mtoto wa jirani mfukoni, akasoma sindano. "Kilo saba na nusu. Vizuri sana."

Baba mkubwa akauliza, "Huyo ana visi ngapi?"

"Kilo saba na nusu, mzee."

"Nimesikia. Nimeuliza visi."

"Visi nne na nusu na kidogo."

"Haya, sasa nimemwona mtoto," akasema baba mkubwa. "Kabla ya hapo ulikuwa unanisomea namba ya simu."

Akina mama wakacheka. Ma Wut Yi naye akacheka, lakini akasema, "Mzee, mwaka juzi kuna mama alikwenda kununua dawa ya homa. Muuzaji akamuuliza, mtoto ana uzito gani? Mama akasema, sita. Yeye alimaanisha visi. Chupa ya dawa imeandikwa kwa kilo. Muuzaji akampa dawa ya mtoto wa kilo sita. Mtoto yule alikuwa na karibu kilo kumi."

"Ikawaje?"

"Homa haikushuka siku tatu. Mama analaumu dawa, muuzaji analaumu mama. Wote walisema sita, na wote hawakudanganya."

Aliandika uzito wa mtoto kwenye kadi, kisha akanigeukia. "Yin May, mbona mna nyuso za msiba upya?"

Nikamweleza habari ya karai. Debe lilelile, mafuta yaleyale, makopo yaleyale, na tamane imekuwa uji.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mchele mlipima kwa kopo?"

"Kwa kopo. Nne kila nyumba."

"Kopo la nani?"

Tulitazamana. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba hilo ni swali.

"La kila mtu," kaka akasema. "Kopo ni kopo."

"Leteni nione," akasema Ma Wut Yi.

*

Foleni ya watoto ilipokwisha, uani kwetu palikuwa na makopo saba kutoka nyumba saba. Kwa mbali yalifanana. Kwa karibu yalikuwa kama ndugu wa baba mmoja na mama tofauti. Moja lilikuwa fupi. Moja lilikuwa jembamba, la maziwa ya siku hizi. Moja lilikuwa limekatwa ukingo kwa sababu uliwahi kumkata mtu kidole.

Ma Wut Yi alifunga matundu ya miguu ya ule mfuko. Akachota mchele kopo nane kwa lile fupi, yaani pishi moja, akamimina mfukoni, akautundika.

"Hongera mama mchele," akasema jirani mmoja. "Wa kike au wa kiume?"

"Mnyamavu huyu. Hajalia hata kidogo," akajibu Ma Wut Yi.

Sindano ikatulia. "Kilo moja na gramu mia tisa," nikasoma. Ma Wut Yi alikuwa amenifundisha kuisoma pale pale. Mistari mikubwa ni kilo, midogo ni gramu mia mia. Midogo kumi hufanya mmoja mkubwa. Hakuna zaidi ya hapo.

Kopo jembamba, kopo nane: kilo moja na gramu mia nane.

Kopo lililokatwa ukingo: kilo moja na gramu mia saba.

"Hilo ni la kwangu," akasema baba mkubwa taratibu.

"Ndiyo maana nyanya zako nazo ni nyepesi," akasema jirani yule yule.

"Nyanya napima kwa visi, na visi zangu ni za halali. Usinichafulie soko."

Makopo saba yalitoa majibu manne. Pishi moja, ambayo sote tuliapa ni moja, ilikuwa pishi nne tofauti.

"Sasa la marehemu lilikuwa lipi?" akauliza Ma Wut Yi. "Bila kulijua hilo, tutakuwa tunabahatisha."

Nilitazama ule msumari mtupu kando ya mlango. Kaka naye aliutazama.

Mama aliinuka. Aliingia ndani. Tulisikia mfuniko wa mtungi wa mchele ukifunuliwa. Akatoka na kopo.

Nililitambua mara moja. Lilikuwa refu kuliko yote, la zamani, rangi imekwisha kabisa, limeng'aa mahali dole gumba la baba lilipokuwa likishika. Kumbe mama, kila alfajiri tangu tumzike baba, alikuwa akichota mchele wa watawa kwa kopo lile. Nilikuwa nikimwona kila siku. Sikuwa nimeliona kopo.

"Sikulificha," mama akasema. "Nilikuwa nalitumia tu."

Kaka alilipokea kwa mikono miwili. Akachota nane, kila moja akisawazisha kwa kidole kama baba. Ma Wut Yi akatundika.

Kilo mbili na gramu mia moja.

Nilipiga hesabu kwenye mgongo wa kalenda. Pishi nane za baba zilikuwa kilo kumi na sita na gramu mia nane. Mchele tulioweka sisi, kwa wastani wa makopo yale saba, haukufika kilo kumi na nne na nusu. Zaidi ya kilo mbili za mchele hazikuwemo karaini, na debe la maji halikujua.

"Kwa hiyo si kuni," nikamwambia baba mkubwa.

"Kuni nazo zilichangia," akasema.

*

Kaka yangu alikuwa ameshafurahi. "Basi yamekwisha. Kopo la baba lipo. Tutapima kwa hilo."

"Hayo ndiyo maneno," akasema baba mkubwa. "Mmeona? Hatukuhitaji kilo. Kila mwaka redio inasema nchi itahamia kilo na mita, na kila mwaka mimi nauza nyanya kwa visi. Wafalme walikuja wakaondoka, visi ipo. Waingereza walileta ratili zao, wakaondoka, visi ipo."

Ma Wut Yi hakubishana. Alilichukua kopo, akaligeuza, akaliinua juu kuelekea jua.

"Mzee, angalia kitako. Unaona nyota ngapi?"

Baba mkubwa alifumba jicho moja. "Tatu," akasema. "Na moja ndogo."

"Kutu hiyo. Mwaka kesho zitakuwa kumi. Mwaka kesho kutwa utakuwa na bomba, si kopo. Ndipo mtauliza tena, la nani?"

"Tutatafuta jingine kama hilo."

"Maziwa ya kopo hilo hayatengenezwi tena. Kilo haifanyi kutu, mzee. Kilo ya hapa ni kilo ya Mandalay, ni kilo ya Japani. Ukiandika leo, mjukuu wa mjukuu wako atapika tamane ya U Thaung Shwe bila kumjua."

"Na mimi sokoni?" baba mkubwa akauliza, na safari hii hakuwa na mzaha. "Siku wakibadilisha, si kila mjanja atauza kilo kwa bei ya visi? Mwanamke aliyezoea visi ataondoka na kikapu pungufu, na hatajua mpaka afike nyumbani. Mkunga, hilo umelifikiria?"

"Nimelifikiria," akasema Ma Wut Yi. "Hilo ni kweli, wengine watajaribu. Nchi ikibadilika usiku mmoja bila kufundisha watu, wanyonge ndio wataibiwa. Kwa hiyo tusisubiri siku hiyo. Anayejua kwamba visi moja ni kilo moja na gramu mia sita na kidogo, nani atamwibia?" Akaketi kwenye kigoda. "Na tazama, mzee, sisi tayari tumehama. Ila tumehama nusu. Petroli tunanunua kwa lita. Mafuta ya kupikia kwa visi. Kitambaa kwa wari. Njia kwa maili. Mchele kwa kopo la kila mtu. Dawa kwa gramu. Mguu mmoja uko ndani, mwingine nje, na mlango unatubana katikati."

"Kwa hiyo unataka tuitupe visi."

"Nani amesema kutupa? Wewe bado unamwita mke wako 'binti wa Kijiji cha Juu', na ana miaka sitini. Jina la zamani halidhuru. Itajwe visi, lakini iandikwe na kilo pembeni."

Baba mkubwa alimtazama shemeji yake, mama yangu. "Wewe unasemaje? Kopo ni la mume wako."

Mama alilipangusa kopo kwa ncha ya kikoi chake.

"Hata mwenye kopo nilidhani atakuwepo siku zote," akasema. "Andikeni."

*

Tukaandika ukutani kwa makaa. Ilituchukua alasiri nzima, na sijapata alasiri yenye kelele kama ile tangu msiba.

Ma Wut Yi alileta chupa ya lita moja. Kaka alijaza debe kwa chupa ile huku watu wakihesabu kwa sauti. Chupa kumi na nane.

Mafuta ya visi tatu tuliyapima. Kilo nne na gramu mia tisa. Karanga za visi mbili, kilo tatu na gramu mia tatu. Tangawizi ya visi moja, kilo moja na gramu mia sita. Vyote viliwekwa kwenye mfuko wa watoto, ila mafuta yalikuwa ndani ya mtungi, na uzito wa mtungi tukautoa. Jirani yetu aliipa tangawizi jina. Alisema imefanana na mume wake.

"Na nazi?" nikauliza.

"Nazi ni kumi," mama akasema. "Hizo mzihesabu tu. Msije mkanipimia na moshi."

Halafu likaja jambo la nyumba kumi na sita. Kopo nne za baba zilikuwa na uzito gani? Tuligawa kilo kumi na sita na gramu mia nane kwa kumi na sita. Kila nyumba kilo moja na gramu hamsini.

"Sindano yako haina hamsini," kaka akamwambia Ma Wut Yi.

"Hamsini iko katikati ya mistari miwili midogo."

Mama aliingiza mkono mtungini, akatoa konzi moja ya mchele, akaiweka mfukoni. Sindano ikasogea, ikasimama katikati kabisa ya mistari miwili midogo.

"Konzi yangu," akasema, na nikamwona anatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu mvua.

*

Siku moja kabla ya mwezi mpevu, tulipita nyumba hadi nyumba kama baba. Kaka na baba mkubwa walibeba mti begani, mmoja mbele mmoja nyuma, na mizani ikaning'inia katikati. Mimi nilibeba daftari. Baba mkubwa alisema amekuja tu kuhakikisha hatudanganywi na mashine.

Watu walitoka milangoni kutazama. Katika nyumba ya kwanza, mama mwenye nyumba alimimina mchele wake mpaka sindano ikafika kilo moja. Nikamwambia, "Na konzi moja."

"Konzi ya nani?" akauliza baba mkubwa kwa ukali. "Tusirudie makosa. Mfikishe katikati ya mistari."

Nilimtazama. Akatazama pembeni.

Kufikia nyumba ya sita, yeye ndiye aliyekuwa akisoma sindano, akitangaza kama mnada. "Kilo moja, na gramu hamsini, barabara. Huyu amezaliwa salama. Mwingine." Kufikia nyumba ya kumi tulikuwa tumekunywa chai mara tisa, na kaka alikuwa hawezi kuinama. Nilimkumbuka baba nikacheka, na machozi yakanitoka pamoja na kicheko. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Siku ya mwezi mpevu tuliwasha moto alfajiri. Ukungu ulikuwa mzito. Kilo kumi na sita na gramu mia nane za mchele. Lita kumi na nane za maji. Watu wa Mashariki walikuja mapema, wakajipanga kama watazamaji wa ndondi. U Chit Ngwe alikuwa amekuja na mrija kweli, ameuchomeka nyuma ya sikio.

Waponda wakaponda. Majani ya mgomba yakafunika karai, yakafunuliwa. Waponda wakaponda tena. Ufuta ukanyunyizwa. Kaka yangu alisimama pale baba alipokuwa akisimama, mikono nyuma.

"Bado," akasema.

Moshi ukapaa.

"Bado."

Kisha akaonja. Akafumba macho. "Epua."

Mwiko ulipoinuliwa, tamane ilining'inia juu yake kama udongo wa mfinyanzi. Haikudondoka.

Mwenyekiti wa kamati alipokea sahani ya kwanza, akaipeleka kwa mtawa mkuu. Ya pili alikula yeye. Alitafuna muda mrefu. "U Thaung Shwe," akasema.

U Chit Ngwe alijaribu kuuchomeka mrija wake kwenye sahani yake. Ulikunjika. Akaupeleka kwa kaka yangu kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi silaha.

"Haya," akasema. "Siri yenu ni nini?"

Baba mkubwa akamjibu kabla yetu. "Siri haipo. Imeandikwa ukutani kwao kwa makaa. Nenda kasome. Kama hujui kilo, njoo kwenye meza yangu ya nyanya, nitakufundisha."

*

Na kweli alifundisha. Wiki ile aliandika kwenye ubao wa meza yake: visi 1 ni kilo 1 na gramu 630. Alinunua mizani yenye mistari ya kilo, akaiweka karibu na ile ya zamani, na mteja yeyote angeweza kupima kwa zote mbili. Mwanzo watu walikuja kumtania. Kisha wakaanza kuja kwa sababu hawana wasiwasi. Siku moja nilimsikia akimwambia mwanamke, "Mtoto wako ana uzito gani? Sema kwa kilo, siku ukienda kununua dawa usije ukamchanganya muuzaji." Alipogundua nasikia, akaanza kupanga nyanya ambazo zilikuwa tayari zimepangwa.

Mtaa wa Mashariki walinakili mapishi yetu. Siku hizi wanatuomba mizani, nasi tunaenda kuwasomea. Tamane yao imekuwa nzuri. Si kama yetu, lakini wanajitahidi.

Nchi yetu bado haijaamua sawasawa. Redio bado inasema. Mtaa wetu uliamua alasiri ile, na kila nyumba sasa inajua uzito wa mtoto wake kwa kilo.

Kopo la baba lilitoboka kabisa mvua zilizofuata. Kitako kilianguka chenyewe, mkononi mwa mama, mtungini. Hakulia. Alilirudisha kwenye msumari kando ya mlango, na lipo mpaka leo.

Sasa mama hutumia kopo jipya, lile jembamba. Kila alfajiri huchota kopo moja, husawazisha kwa kidole, humimina sufuriani. Halafu hurudisha mkono mtungini. Anajua kinachopungua ni gramu ngapi, maana tulipima pamoja. Huchukua mchele kwa ncha za vidole, kama konzi ya mtoto mdogo, na kuongeza.

"Sasa ni kopo la baba yenu," husema.

Kisha hutoka nje kuwasubiri watawa.